Medali za babu aliyekuwa Keya: zibaki nyumbani, ziende makumbusho, zikopeshwe au ziuzwe?

Kwenye familia nyingi za huku kwetu lipo hili kopo. Saa nyingine ni kopo la biskuti kweli, saa nyingine ni mfuko wa nailoni umeviringishwa ndani ya sanduku la bati la bibi, na humo ndani kuna nyota mbili tatu za rangi ya shaba zenye utepe uliopauka, picha ya kijana kavaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, na karatasi ya kuachishwa jeshi iliyokunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imeanza kutoboka. Mzee alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana vita vya Hitla, alifika Burma (Myanmar ya leo), akarudi, akalima, akafa. Sasa watoto wake nao wanaondoka mmoja mmoja na wajukuu wanavutana kwenye grupu la Wasapu: mmoja anasema tupeleke makumbusho, mwingine ameshaona mtandaoni watu wananunua, shangazi hataki kitu kiguswe, afu kuna yule wa ughaibuni anasema tumtumie yeye atatunza vizuri zaidi.

Kila mmoja hapo ana hoja, sio kwamba kuna mjinga. Ila wanabishana kuhusu chuma, na mimi naona chuma ndo sehemu rahisi ya jambo hili. Ngumu ni zile habari zinazofanya chuma kiwe cha mzee fulani wa kijiji fulani badala ya kuwa chuma tu. Kwa hiyo nikilinganisha njia hizi nne naziangalia kwa swali moja, je baada ya miaka 50 mtu akikishika hiki kitu atajua kilikuwa cha nani?

Kabla hujachagua, jua una nini mkononi

Nyota za vita ya pili zote zina umbo moja, ncha sita, rangi ya shaba ya njano, tofauti iko kwenye maandishi ya katikati na rangi za utepe. Ile ya 1939-1945 walipewa wengi. Africa Star kwa watu wetu mara nyingi maana yake mzee alikuwa kwenye kampeni ya kuwatoa Waitaliano Somalia na Abisinia (Ethiopia ya leo), 1940 na 1941. Burma Star, utepe wake mwekundu katikati, bluu iliyoiva pande zote na mstari mwembamba wa chungwa ndani ya kila bluu, hiyo ndo ya waliovuka bahari, wakiwemo wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati mvua zinapiga, tope mpaka magotini, wakaenda hadi mto Chindwin. Afu kuna ya duara ya rangi ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme George wa 6, upande wa pili simba kasimama juu ya joka, hiyo ni War Medal na nayo ilitolewa kwa wingi.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye uamuzi wote. Hizi za vita ya pili za Uingereza kwa kawaida zilitolewa bila jina. Geuza nyota nyuma, kitupu. Za vita ya kwanza kwa kawaida zilikuwa zinachongwa kwenye ukingo, au mgongoni kama ni nyota, namba ya askari, cheo, jina na kikosi, na ile Africa General Service Medal yenye kibao kilichoandikwa KENYA, ya miaka ya 1952 mpaka 1956 wakati wa Mau Mau, nayo kawaida ina jina ukingoni. Washa kamera ya simu, kuza, zungusha ukingo taratibu kwenye mwanga wa dirishani, utaona herufi ndogo ndogo hata kama zimelika. Ukikuta jina, kitu chako kinajieleza chenyewe hata kikipotea njia. Ukikuta patupu, basi uhusiano wa ile nyota na babu yako upo sehemu mbili tu duniani, kwenye ile karatasi iliyotoboka na kwenye kichwa cha shangazi.

Na usijidanganye kwamba kuna ofisi mahali ina faili kamili la kila mtu. Ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2021 ilikiri yenyewe kwamba kwa vita ya kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Vita ya pili kumbukumbu ni nzuri zaidi kidogo. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo, tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Japani ikaipiga torpedo karibu na visiwa vya Maldives, ikazama ndani ya dakika kama mbili na watu karibu 1,300 wakafa, wakiwemo vijana wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao majina yao yamo kwenye mnara wa East Africa ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Majina yapo, sawa, lakini sura hazipo pale, alikuwa na mke gani hakuna, barua ya mwisho ilisema nini hakuna. Kama kwenu mna picha ya mmoja wa hao, jueni mmeshika kitu ambacho ule ukuta hauna.

Njia ya kwanza: zibaki nyumbani

Faida yake kubwa ni kwamba habari inabaki karibu na kitu. Mtoto anashika nyota, anauliza, bibi anajibu. Hakuna kioo wala mlinzi. Na kuna mambo ambayo familia itakuambia ila hayawezi kuandikwa kwenye kibao cha maonyesho. Mimi nilimuuliza shangazi yangu kuhusu za kwetu, baada ya shikamoo na habari za watoto wote mpaka wa majirani, nikamwambia shangazi naomba niziangalie zile za babu. Akaniangalia kwanza. Akasema, "Baba yangu alikuwa hazivai. Alikuwa anasema hizi ni za kuwapa watoto wachezee, sie tuliahidiwa mashamba." Hiyo sentensi moja kwangu ina uzito kuliko nyota yenyewe, na isingefika makumbusho kama ningepeleka kopo bila kumuuliza.

Hilo la wazee kutozipenda medali zao sio la kwetu peke yetu. Novemba 2023 mfalme Charles alipokuja Kenya alifika makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi wazee wachache waliopigana vita ya pili medali mpya kuchukua nafasi ya zile walizokuwa nazo zamani, na ilielezwa kuwa baadhi walikuwa wamezitupa au kuziharibu kwa kuogopa wenzao wangewaona vibaraka wa mkoloni. Kwa hiyo hata kopo tupu lina historia. Kama kwenu ziliwahi kutupwa chooni mwaka 1953 basi andikeni hivohivo kwamba zilitupwa chooni na kwa nini.

Hasara za nyumbani sasa. Mchwa, unyevu, watoto, wezi, kuhama nyumba, na kwa watu wa pwani ile hewa ya chumvi inayokula mpaka bawaba za milango. Lakini nikiambiwa nitaje adui namba moja nitamtaja mtu mwenye nia njema. Kuna mjomba kila familia ambaye sikukuu ikikaribia anachukua ukwaju au limao na majivu anasugua medali mpaka zinang'aa, au ananunua ile dawa ya kung'arishia shaba, na kila akisugua anaondoka na safu nyembamba ya chuma, pua ya mfalme inapotea, herufi za ukingoni zinapotea, na herufi ndo zilikuwa jina la mzee. Acheni weusi wake. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Wajerumani walipoamua kuizamisha meli yao Graf von Götzen ziwa Tanganyika Julai 1916 isije ikachukuliwa, mafundi wao walipaka mashine zake grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, wakaitengeneza, na 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba, na watu wa Kigoma wameipanda miaka na miaka baada ya hapo. Kilichookoa mashine zile ni kuzuia maji na hewa visifike kwenye chuma. Sisemi upake medali grisi (tafadhali usipake), nasema hangaika na unyevu, achana na kung'arisha. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, usivitupe, weka viwili ndani ya kopo la plastiki linalofunga vizuri, badilisha kila vikichoka, weka mbali na ukuta unaovuja na mbali na dari la bati.

Afu laminesheni. Jamani. Hii tabia ya kupeleka cheti cha mzee steshenari kikapitishwe kwenye ile mashine ya moto ili "kisiharibike" ndo inayoua karatasi nyingi kuliko mchwa. Ile plastiki inagandia kwenye karatasi moja kwa moja, haibanduki tena bila kuchana, joto lenyewe linaunguza karatasi ya zamani, na wino ukianza kubadilika humo ndani hakuna wa kukusaidia. Selotepu ni ndugu yake, baada ya miaka inaacha doa la kahawia lisilotoka. Cheti kikae kimekunjuliwa kati ya karatasi mbili nyeupe safi, ndani ya bahasha kubwa, kimelala. Picha zishikwe pembeni tu, na nyuma uandike kwa penseli laini bila kukandamiza, nani, wapi, mwaka gani kama unajulikana. Kalamu ya wino hapana.

Swali la mwisho la nyumbani ni nani atarithi. Kama jibu ni "tutaona", basi jibu halisi ni kwamba zitagawanywa, nyota moja kwa huyu na picha kwa yule, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayejua zilikuwa kitu kimoja.

Njia ya pili: kuwapa makumbusho moja kwa moja

Watu wanadhani makumbusho ni kabati la vioo lenye taa, kitu chako kitakaa hapo milele na jina la ukoo wenu limeandikwa chini. Sehemu kubwa ya mali za makumbusho yoyote ile duniani ipo stoo, kinachoonyeshwa ni kidogo. Hilo sio kosa, stoo nzuri ni salama kuliko kabati lenye jua, na mtafiti anaweza kuomba akaona. Ila ukienda na matarajio ya kabati utatoka umekasirika.

Nguvu ya makumbusho inaonekana kwenye vitu ambavyo nyumba haiwezi. Nenda Fort Jesus, Mombasa, utakuta mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mzinga wa manowari ya Kiingereza Pegasus, wote wawili kwenye ngome moja. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus asubuhi ikiwa imetia nanga Zanzibar mashine zake zikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama, ikakimbilia kujificha delta ya Rufiji, na huko ikakaa mpaka tarehe 11 Julai 1915 Waingereza walipoimaliza kwa meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, huku ndege zikiwaelekeza pa kupiga. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake yote 10, ikaenda Dar es Salaam ikawekewa magurudumu, ikaburutwa nchi nzima kupigana vita ya nchi kavu. Leo inayojulikana kubaki ni mitatu tu, huo wa Mombasa, mwingine Jinja, Uganda, na mwingine Pretoria. Familia gani ingetunza mzinga wa aina hiyo? Bila taasisi ungeshakuwa chuma chakavu zamani sana.

Lakini angalia na upande wa pili wa mzinga huohuo. Umekaa nje, unapigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, rangi inapakwa juu ya rangi. Na kuhusu habari zake, jina la meli tunalo, jina la nahodha Max Looff tunalo, tarehe mpaka saa tunazo. Waliovuta zile kamba porini, mamia ya watu, hakuna jina hata moja pale. Makumbusho hutunza kile kilicholetwa, na habari za wapagazi hakuna aliyezileta. Ukiwapa nyota ya babu bila maelezo wataandika "Burma Star, haijulikani ilikuwa ya nani" na watakuwa sahihi kabisa.

Mfano wa pili hapohapo Fort Jesus ni ile meli ya Kireno Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome wakati Waomani wamewazingira Wareno, mzingiro ulioanza 1696 ukaisha Desemba 1698 ngome ilipoanguka. Wapiga mbizi na wataalamu walifukua kuanzia 1977, wakatoa maelfu ya vitu, vingi vimo kwenye maonyesho ya ngome na ukienda pitia taratibu, usikimbilie kupiga picha juu ukutani. Ila mbao za meli yenyewe waliamua kuzipima, kuzichora, na kuziacha palepale chini ya bahari, maana mbao iliyolala majini karibu karne tatu ukiitoa inahitaji kutibiwa kwa miaka na hela nyingi sana. Yaani makumbusho nao wanachagua, na makumbusho inayokuambia "hiki hatuwezi kukitunza" inakuheshimu kuliko inayopokea kila kitu na kukiweka kwenye korido.

Kwa hiyo ukienda, uliza. Kwanza ulizia kama wana stoo inayodhibiti unyevu au wana chumba tu. Uliza fomu ya kukabidhi, maana kitu kikipokelewa rasmi kinapewa namba na wewe unabaki na nakala yenye sahihi na mhuri. Uliza kama watapokea na sauti na maelezo ya maandishi pamoja na kitu, na kama familia mkija na wajukuu mtaoneshwa. Wasipokuwa na fomu usiache kitu, hata kama ofisa ni mcheshi vipi. Najua familia iliyoacha picha ya pekee ya babu yao kwenye ofisi moja kwa ajili ya sherehe fulani, bila risiti, kwa ahadi ya "wiki ijayo njooni mchukue", aliyepokea akahamishwa kituo, aliyemfuata hajui kitu. Picha ilikuwa ni hiyohiyo moja.

Na fikiria ukubwa wa makumbusho. Kwa watu wa Tanzania mawazo yanakimbilia Dar es Salaam, sawa, lakini Makumbusho ya Taifa ina matawi, na kwa mfano Makumbusho ya Majimaji Songea imejengwa kwenye eneo lenyewe, hapo kuna kaburi la pamoja la wapiganaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kila Februari watu wanakusanyika kuwakumbuka, na wengi wanaokuja ni wajukuu na vitukuu wa walewale. Kitu cha Mngoni pale kina wenyewe. Kitu hichohicho kikipelekwa mji mkubwa kinaweza kuwa namba kati ya namba. Mimi nikiwa na kitu cha mtu wa eneo fulani nitaanza kugonga mlango wa makumbusho iliyo karibu na kwao, hata kama ni ndogo, ilimradi ina fomu na ina paa lisilovuja.

Masharti je? Wengi wanataka kuandika kwamba "lazima zionyeshwe daima" au "tukizitaka turudishiwe". Makumbusho nyingi hazikubali zawadi yenye kamba mguuni. Ukitaka kurudishiwa, hiyo sio zawadi, soma njia inayofuata.

Njia ya tatu: kukopesha

Hii watu wengi hawaijui na inafaa sana kwa familia zinazovutana. Kitu kinabaki mali yenu, makumbusho inakichukua kwa muda ulioandikwa, labda kwa maonyesho ya miezi kadhaa, kwa mkataba unaosema kiko katika hali gani kinapopokelewa, nani analipa kikiharibika, na kinarudi lini kwa nani. Piga picha pande zote mbele yao kabla hujakabidhi. Ubaya wake ni kwamba baada ya maonyesho kinarudi kwenye kopo lilelile na matatizo yaleyale, na makumbusho nyingi hazipendi mkopo usio na mwisho kwa sababu zinageuka kuwa stoo ya bure ya ukoo. Faida ni kwamba mnapata kuwaona jinsi wanavyofanya kazi kabla ya kuamua kutoa kabisa. Kama shangazi bado anasema hapana, jaribuni hii kwanza.

Njia ya nne: kuuza

Sitamhukumu mtu. Ada ya shule ni ada ya shule. Ila jua unachouza. Nyota za vita ya pili zilitolewa kwa mamilioni na kwa kuwa hazina jina, nyota moja peke yake ni kitu cha kawaida sana sokoni, dalali akikuambia atakupa utajiri kwa Burma Star moja anakutafutia kitu kingine. Wakusanyaji wanaolipa vizuri wanatafuta seti kamili, medali zote za mtu mmoja pamoja na karatasi na picha, yaani wananunua ileile habari niliyokuwa naisema tangu juu. Kwa hiyo dalali anayekuambia "hizo karatasi wekeni tu, mimi nachukua nyota" labda hajui kazi, au anarudi kesho kuchukua na karatasi kwa bei ya ugali.

Ubaya wa kuuza ni kwamba seti huvunjwa. Nyota inaenda kwa huyu, utepe unawekwa kwenye medali ya mtu mwingine ili ipendeze, picha inauzwa peke yake kama "askari wa Kiafrika" bila jina. Na kitu kikishatoka nje ya nchi kurudi kwake ni kesi ya vizazi. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa 1906, unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mpaka rais wa Ujerumani Steinmeier alipofika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kutafuta, ukoo ulikuwa bado unauliza kiko wapi. Najua fuvu la mtu na medali sio mambo ya kuwekwa mizani moja, fuvu halikuuzwa na ukoo, liliibwa. Lakini njia ya kurudi ni ileile, barua, ofisi, ushahidi, miaka, na wewe uliyeuza mwenyewe hata barua hutakuwa na uso wa kuandika.

Ukiuza, uza zote pamoja, na ubaki na skani ya kila kitu.

Kumtumia ndugu wa ughaibuni je? Hiyo naiweka kwenye "nyumbani", tofauti ni nyumba ipo Leicester au Muscat. Hewa kavu ndani ya nyumba yenye joto la mashine inaweza kutunza utepe vizuri kuliko Tanga, kweli, na London kuna Imperial War Museum na National Army Museum zenye wataalamu. Ila jiulize watoto wake watajua Kiswahili cha shangazi kwenye rekodi? Kama ndio, hakuna shida. Kama hapana, nyota itafika Ulaya salama na itakaa kwenye droo ikiwa bubu.

Nyie mnaosoma mchague nini

Skani sijaihesabu kama njia kwa sababu inatangulia zote. Picha mbele na nyuma, mchana, karibu na dirisha, bila fleshi, simu iwe sambamba na karatasi. Ukipata skana weka ubora wa dpi 600. Mrekodi shangazi akiwa anashika kila kitu, mwache azunguke, mwache aongee habari za ng'ombe na za mahari, usimkatize kumrudisha vitani. Tunza sehemu tatu, ya tatu isiwe simu ya mtu huyohuyo.

Kama yupo mtu mmoja kwenye ukoo mwenye moyo na hivi vitu, mwenye nyumba isiyovuja, na ameshamtaja atakayemfuata, zibaki nyumbani, makumbusho wapeni nakala za skani na rekodi ya sauti, watafurahi kuliko mnavyofikiri. Kama huyo mtu hayupo, au yupo lakini ana umri wa miaka 80 na watoto wake hawajali, nendeni makumbusho iliyo karibu na kwao babu, mkatoe seti nzima na maelezo yake kwa fomu, mwaka huu, msisubiri msiba. Kama mnavutana, kopesheni. Kama hela ndo inahitajika kweli, uzeni seti nzima baada ya skani, na aliyeuza asifiche.

Mkiwa na nyota bila jina na hakuna aliyebaki hai anayejua ni ya nani kati ya babu wawili, andikeni hivyo kwenye karatasi, "ni ya mmoja kati ya hawa wawili", na majina yao yote. Msibuni.

Na kama kwenye lile sanduku, chini ya nguo za bibi, kuna risasi, baruti, au kile kidude cha duara ambacho mzee alisema ni cha kumbukumbu, msikitikise, msikisafishe, msikipeleke makumbusho kwa daladala. Tokeni chumbani, pigieni polisi waje wenyewe.